Mataji 10 ya Afrika, mechi 18 za Olimpiki bila ushindi: Hesabu ya Malkia Strikers

KUNA Jumapili moja nilikuwa Nyayo kuripoti mechi ya Ligi Kuu ya soka ambayo hata sitaitaja. Iliisha 0-0 na nadhani hata waliocheza wameisahau. Wakati wa mapumziko simu yangu ilikuwa na asilimia nne ya chaji. Bawabu akaninyoshea kidole kwenye ukumbi wa ndani ulio pale pale Nyayo, akaniambia huko kuna soketi ukutani. Nikaingia kutafuta stima, nikakuta ligi ya voliboli ya wanawake inaendelea.

Nilirudi kwenye soka dakika ya 70 hivi. Mhariri wangu akisoma hapa atajua kwa nini ripoti ile haikuwa na mengi kuhusu kipindi cha pili.

Kilichonishika kwanza ni mlio. Kwenye runinga voliboli huonekana mchezo mpole, watu wanapigiana mpira kama wako ufuoni. Ukikaa mita tano kutoka uwanjani, mpira ukitua sakafuni unalia kama mlango uliobamizwa kwa hasira. Kisha nikatazama nyuso, nikagundua kwamba nusu ya waliokuwa pale nimewahi kuwaona wakiwa na jezi ya Kenya. Watu wa Olimpiki, bana. Na waliokuwa wakiwatazama hawakujaza basi mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafuatilia Malkia Strikers, na leo nawaandikia watu wa soka wenzangu, kwa sababu hesabu ya timu hii ni ya ajabu na inahitaji mtu wa kuifanya polepole.

Anza na upande wa sifa. Malkia wamekuwa mabingwa wa Afrika mara 10: 1991, 1993, 1995, 1997, 2005, 2007, 2011, 2013, 2015 na 2023. Hakuna nchi nyingine barani iliyofika hapo. Weka hiyo kando ya Harambee Stars wetu, ambao wamecheza Kombe la Afrika mara sita, 1972 hadi 2019, na hawajawahi kutoka hatua ya makundi hata mara moja. Sisemi hivyo kuwakejeli vijana. Naandika soka, ndiyo ugali wangu. Lakini ukweli usemwe: kama kuna timu ya taifa ya mchezo wa mpira ambayo Afrika imewahi kuiogopa kwa jina la Kenya, ni hii ya akina dada.

Sasa upande wa pili. Malkia wamecheza Olimpiki nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo 2020 (iliyochezwa 2021 kwa sababu ya corona) na Paris 2024. Mechi tano, tano, tano, kisha tatu. Jumla 18. Ushindi: sufuri.

Mtu wa soka akiona hivyo atasema, basi, hao ni wa hapa hapa tu. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa nimekosea, na sababu zake ni mbili.

Ya kwanza ni njia ya kufika huko. Sydney 2000, Kenya ndiyo ilikuwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kucheza voliboli ya Olimpiki. Wanaume wa Tunisia na Misri walikuwa wamekwenda tangu miaka ya sabini, lakini kwa wanawake hakuna Mwafrika aliyekuwa amepita mlango huo. Waliopita ni wasichana waliotoka katika enzi ya mataji manne mfululizo, 1991 hadi 1997. Kundi lao Sydney lilikuwa na Brazil, Marekani, China, Croatia na wenyeji Australia. Brazil waliondoka na shaba, Marekani wakamaliza nafasi ya nne. Miaka minne baadaye Athens wakapewa Brazil tena, Italia, Japan, Korea Kusini na wenyeji Ugiriki.

Halafu pakaja pengo. Hapa ndipo naomba msomaji asimame kidogo, maana hata mimi niliirudia hesabu mara tatu. Kati ya Athens 2004 na Tokyo, Malkia walishinda Kombe la Afrika 2005, 2007, 2011, 2013 na 2015. Mataji matano. Katika muda huo huo kulikuwa na Olimpiki tatu: Beijing 2008, London 2012, Rio 2016. Walienda ngapi? Hata moja. Beijing na London walienda Algeria. Rio walienda Cameroon.

Yaani unakuwa mfalme wa bara mara tano na kila ikifika safari ya Olimpiki anapanda ndege mwingine. Kisa ni kwamba tiketi ya Olimpiki haikuwa ndani ya Kombe la Afrika. Ilikuwa na mashindano yake peke yake, ya siku chache, mwanzoni mwa mwaka wa Olimpiki wenyewe. Ukiwa umechoka wiki hiyo, ukiwa na majeruhi mmoja, au ukicheza mbele ya mashabiki wa mwenyeji, kombe lako la mwaka uliopita linabaki pambo la kabati. Kwa sisi wa soka ni kama Gor Mahia washinde ligi kwa pointi 15, halafu waambiwe atakayecheza Afrika ataamuliwa kwa mechi moja Februari ugenini.

Na pengo hilo liligharimu zaidi ya safari. Miaka 17 bila kukutana na Brazil na Serbia kwenye Olimpiki ni karibu maisha mawili ya mchezaji. Kuna kizazi kizima cha mabingwa wa Afrika kilichostaafu bila kuuona uwanja huo, na kilichokuja Tokyo kilianza upya kama mgeni.

Kabla ya Tokyo lazima nitaje Cameroon, kwa sababu bila Cameroon hadithi hii ni kama kusimulia Mashemeji Derby ukiwa na timu moja. Fainali ya Afrika 2017, Yaounde: Cameroon. Fainali ya 2019, Cairo: Cameroon, kwa seti 3-2. Fainali ya 2021, Kigali: Cameroon tena. Fainali tatu mfululizo, mpinzani yule yule, na mara zote tatu Malkia ndio walioshika medali ya fedha. Timu iliyozoea kunyanyua kombe ikageuka ile inayosimama pembeni ikipiga makofi.

Cha ajabu ni kwamba katikati ya mateso hayo walikuwa wakiwapiga Cameroon kwingine. Agosti 2019, Michezo ya Afrika mjini Rabat, dhahabu ilikuja Kenya, na walioachwa na fedha ni Cameroon. Kisha Januari 2020, mechi za kufuzu Tokyo zikachezwa Yaounde kwenyewe, nyumbani kwa mbabe. Kenya ya kocha Paul Bitok ikawalaza Cameroon 3-2 na kuchukua tiketi mbele ya macho yao. Nimeona marudio ya mechi ile kwenye simu. Sina haja ya kueleza kelele za ukumbi ule mwanzoni mwa seti ya tano, wala kimya kilichofuata mwishoni.

Kwa wasiojua: seti nne za kwanza huchezwa hadi pointi 25, lakini ya tano inaishia 15. Hakuna sare, hakuna kupoteza muda kwenye kibendera cha kona, hakuna kujilaza chini ukisubiri machela. Kila mpira unaotua ni pointi ya mtu. Ukiwa mbele 14-9 bado unaweza kufa. Ndiyo maana naiona seti ya tano kuwa katili kuliko penalti.

Sababu ya pili ya ile sufuri ni nani unakutana naye. Chukua Tokyo. Malkia walipangwa na Japan, Korea Kusini, Serbia, Brazil na Dominican Republic. Mashindano yalipoisha, Brazil walikuwa na fedha, Serbia shaba, Korea Kusini nafasi ya nne. Nusu fainali ilikuwa na timu nne, na tatu kati yao zilikuwa zimetoka kundi la Kenya. Paris wakapewa Brazil, Poland na Japan. Brazil wakaondoka na shaba. Ukipangwa hivyo kwenye Kombe la Dunia la soka, watu wanaita kundi la kifo na kukuhurumia. Kwa Malkia tuliangalia matokeo ya 3-0 mfululizo tukageuza chaneli.

Lakini sitaki kuwatetea hadi nidanganye. Walipigwa. Tokyo seti 15, zote zikapotea. Paris seti 9, hivyo hivyo. Na ukitazama mechi hizo tena utaona kwamba shida haikuanzia kwenye mashambulizi. Ilianzia kwenye kupokea mpira wa kwanza.

Niruhusu nieleze kwa lugha ya kwetu. Katika voliboli kila timu ina seta, yule anayeinua mpira ili mwenzake aupige. Ndiye namba 10 wao. Akiletewa mpira mzuri karibu na wavu, ana njia tatu au nne za kushambulia na wapinzani hawajui itakuwa ipi. Sasa mchezaji wa Brazil au Serbia anapoanzisha mpira, haanzishi tu, anapiga kombora linaloyumba hewani. Ukilipokea vibaya, seta wako anakimbizana na mpira nyuma ya uwanja, na kilichobaki ni kuurusha juu pembeni na kuomba. Ukuta wa wapinzani, wasichana wenye urefu wa mita 1.90, umeshafika pale unakungoja. Ni kama timu inayopresiwa kwenye boksi lake: beki hana wa kumpa, anabutua, mpira unarudi. Unaweza kuwa na straika hatari kuliko wote Afrika. Hatauona mpira.

Ujuzi huo wa kupokea haufundishwi ubaoni. Unakuja kwa kupokea makombora ya aina hiyo wiki baada ya wiki. Kwenye ligi yetu hakuna anayepiga hivyo. Wachache waliopata timu za nje, kama Mercy Moim, nahodha wa Tokyo, au Sharon Chepchumba aliyeenda Ugiriki, ndio waliokula chumvi hiyo. Wengine hukutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya mechi.

Na hapa ndipo unafika kwenye mashine inayoizalisha timu hii, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nguvu yake na ndiyo kikomo chake. Angalia majina ya klabu: Kenya Pipeline, KCB, Magereza, DCI. Kampuni ya mafuta, benki, askari jela, wapelelezi. Msichana mwenye kipaji akitoka shule ya upili anatafutwa na klabu, na klabu inakuja na kazi. Kuna walioifungia Kenya pointi dhidi ya Brazil ambao ni maafisa wa magereza wenye sare na cheo. Ukiwauliza wachezaji wa soka wetu, hasa wa timu za chini, watakwambia hiyo ni ndoto: mshahara wa mwisho wa mwezi, bima, na kazi inayokungoja ukistaafu. Wachezaji wa soka hapa wamewahi kugoma kwa kutolipwa miezi kadhaa. Na klabu hizo zimetawala Afrika kwa zamu. Pipeline walikuwa moto mwanzoni mwa miaka ya 2000, Magereza wakapokea mwanzoni mwa miaka ya 2010, KCB wakanyakua 2006 na tena 2022.

Lakini kazi hiyo hiyo ndiyo inayomshikilia nyumbani. Ukiwa na ajira ya kudumu hapa, na mama na wadogo zako wanaitegemea, utaiacha kwa mkataba wa miezi minane Ulaya katika timu ambayo huenda isilipe? Mimi sijui kama ningeiacha. Wa soka huondoka kwa sababu hana cha kupoteza.

Kuna ushindi mmoja ambao nadhani ulistahili ukurasa wa mbele. Malkia walianza kucheza Mashindano ya Dunia 1994 nchini Brazil. Wakarudi 1998, 2002, 2006, 2010. Kila mara walirudi nyumbani bila ushindi. Mwaka 2018 nchini Japan wakapangwa na Serbia, ambao waliishia kuwa mabingwa wa dunia, pamoja na Brazil, Dominican Republic, Puerto Rico na Kazakhstan. Wakawapiga Kazakhstan. Ushindi wa kwanza wa Kenya kwenye Mashindano ya Dunia, baada ya miaka 24.

Mashabiki wa soka wanaijua ladha hiyo, labda tu wameisahau. Harambee Stars walianza Kombe la Afrika 1972 nchini Cameroon, na ushindi wao wa kwanza kwenye fainali hizo ulikuja 2004 Tunisia, 3-0 dhidi ya Burkina Faso. Miaka 32. Wazee wetu bado wanausimulia ushindi ule kama harusi. Wa Kazakhstan unasimuliwa na nani?

Baada ya mlango kufunguka wengine wakafuata. Mashindano ya Dunia ya 2022, Uholanzi na Poland, Malkia waliwapiga Cameroon, wale wale. Mwaka 2023 wakaenda Yaounde, ambako Cameroon walikuwa wakitetea taji, wakarudi na kombe la 10 baada ya kuwafunga Misri kwenye fainali. Miaka minane walikuwa wamelisubiri.

Aliyeshuhudia karibu yote haya ni Janet Wanja. Alikuwa seta, namba 10 ile ile ninayoisema. Alicheza Athens 2004 akiwa na miaka 20. Alikuwepo enzi za mataji ya Nairobi, alikuwepo kwenye pengo, akaingia benchi la ufundi, na Paris 2024 alienda kama mkufunzi wa viungo chini ya kocha Japheth Munala. Miaka 20 kati ya Olimpiki yake ya kwanza kama mchezaji na ile aliyokwenda kuwanyoosha wengine misuli. Miezi minne baada ya Paris, Desemba 2024, alifariki kwa saratani akiwa na miaka 40. Sikuwahi kuzungumza naye. Siku ile ya soketi Nyayo nilimwona amekaa kwenye benchi, nikadhani ni mwalimu wa shule fulani.

Sasa njoo Agosti 2025, mwezi ambao kila Mkenya aliyevaa jezi anaukumbuka. CHAN ilikuwa nyumbani. Harambee Stars waliahidiwa na Rais Sh1 milioni kwa kila mchezaji kwa kila mechi watakayoshinda. Kasarani ilijaa, mimi nikiwa mmoja wa waliopoteza sauti. Tarehe 22 tukatolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali, na nchi nzima ikalala vibaya.

Wakati tukilala vibaya, Malkia walikuwa Thailand wakianza Mashindano ya Dunia katika kundi la Poland, Ujerumani na Vietnam. Wakapoteza kwa Ujerumani, wakapoteza kwa Poland. Kisha wakawapiga Vietnam seti 3-0. Vietnam si watoto, ni moja ya timu zinazopanda haraka Asia, na ukumbi ulikuwa na Wavietnam wengi kuliko Wakenya. Kikundi chetu cha WhatsApp cha waandishi wa soka, watu zaidi ya 80, siku hiyo kilikuwa bado kinabishana kuhusu nani angepiga penalti ya mwisho. Nilituma matokeo ya Malkia. Nikapata dole gumba mbili. Moja ilikuwa ya binamu yangu ambaye hata si mwandishi, sijui aliingiaje humo.

Kwa nini naleta haya sasa? Kwa sababu sheria ya tiketi imebadilika. Kwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, bingwa wa bara wa mwaka 2026 anafuzu moja kwa moja. Yale mashindano ya pembeni ya Januari na Februari yaliyowanyima Beijing, London na Rio hayapo tena njiani. Kombe la Afrika, lile ambalo Malkia wamelibeba mara 10, sasa lenyewe ndilo tiketi.

Hilo linakata pande zote mbili. Cameroon wanaijua hesabu hiyo, Misri wanaijua zaidi. Misri wamewekeza kwenye klabu zao kwa pesa ambazo Pipeline na KCB hawana. Na Malkia wenyewe wanabadilisha damu, majina niliyozoea kuyaona Nyayo yanapungua kila msimu.

Lakini fikiria ingekuwa soka. Fikiria Harambee Stars waambiwe kwamba wakishinda Kombe la Afrika moja, kombe ambalo tayari wamelishinda mara 10, wanaenda Olimpiki. Tungekuwa tumeshachapisha kalenda ya mazoezi ukutani, na kambi ingekuwa na kamera nne mlangoni.

Mimi nimeshamwomba mhariri aniruhusu nifuate kambi yao. Amesema atafikiria, ila nisisahau kwamba Jumapili nina mechi Nyayo. Nimemwambia hakuna shida. Chaja yangu nitaiacha nyumbani.